Kazi Iliyoisha Mara Kumi na Nne

Mimi hukaanga samaki mtaani Jericho, na mwaka huu wote nimekaanga nikiwa nimenuna. Shimo la maji taka mbele ya kibanda changu lilifurika kila baada ya wiki mbili tatu. Mkaguzi wa afya akanipa onyo la mwisho: likifurika tena, anafunga kibanda. Sina kazi nyingine mimi.

Kila mara Luseno wa kanjo, mzibuaji wa baraza la jiji, alikuja na vyuma vyake virefu, akachokoachokoa, maji yakashuka, akanipa karatasi.

"Mathe, kazi imeisha. Weka sahihi."

Nami huweka, na roho yangu kwatu hadi lifurike tena.

Jumatatu alikuja na msichana wa ofisini kwao, Mukai, amebeba faili. Nilidhani amekuja kunifungia, nikamfokea hata kabla hajanisalimu.

"Pole, Mama Seth," akasema. "Nauliza tu. Kazi hii imeisha mara kumi na nne. Kwa nini haiishi?"

Luseno akajikuna kichwa. "Sisi tunazibua penye maji inatokea, madam."

Mukai akatandaza ramani ya zamani juu ya meza yangu. Kulikuwa na shimo jingine, hatua nane kutoka hili, upande maji yanakoelekea. Akahesabu hatua. Ya nane ilimfikisha ndani ya kibanda changu, kando ya jiko.

Nilipojenga, fundi aliniambia kuna mfuniko wa chuma pale. Nikamwambia amwage saruji, sakafu ikae sawa. Ningeweza kunyamaza.

"Labda ramani imekosea," Luseno akasema kwa huruma.

"Haijakosea," nikasema. "Leta nyundo."

Walivunja sakafu siku nzima. Chini wakatoa matambara, mchanga na mafuta yaliyoganda, mengi yakiwa yangu. Niliona aibu sana. Kufikia jioni maji yalikuwa yakipita bila kusukumwa, na Mukai akanionyesha pa kusogeza kibanda, mita tano kando.

Asubuhi walipita tena. Faili ilionyesha shimo la nyuma ya saluni ya Warigia, lililozibuliwa mara tisa. Nikazima jiko, nikawafuata.

Mukai alipouliza kuhusu mfuniko, Warigia alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Hakuna kitu hapa ndani," akasema.

"Dada," nikamwambia, "hata mimi nilimwaga saruji."

Warigia akaanza kutoa viti nje.