Mzizi Usioweza Kufunga Mlango

Maguelone aliuona moshi wa soseji kabla hajaliona lango la taasisi. Wagomaji walikuwa wamelifunga kwa mnyororo na kupanga matairi mbele yake. Guilhem, mwanafunzi mwenzake wa maabara ya mizizi, alikuwa anageuza soseji juu ya pipa lililokatwa, koti jeupe la maabara limefungwa kiunoni.

"Kula, dada. Umepauka kama miche yako."

Hakucheka. Miche yake ilikuwa ndani, na ilikuwa inakufa.

Mzizi wenye njaa ya madini ya chuma hutengeneza protini na kuisimamisha kwenye utando wa seli, upande unaotazama udongo, iwe mlango wa kuingizia chuma. Ubaya wa mlango huo ni kwamba haubagui: zinki nayo hupita. Zinki ikizidi huwa sumu, na mmea wa kawaida huing'oa protini ile, huivuta ndani ya seli na kuivunjavunja. Miche ya Maguelone ilikuwa imebadilishwa isiweze kuivuta. Jana asubuhi, kabla ya mgomo kuanza, aliihamishia kwenye visahani vyenye zinki nyingi ili aone kama mlango utabaki wazi hata sumu inapomiminika. Kufika jioni ya leo hakungekuwa na mche wa kutazama, na mbegu za aina ile zilikuwa zimekwisha. Bila picha zake, utafiti wake wote ulikuwa maneno matupu.

"Odile," alisema, "nipishe nusu saa tu. Napiga picha, natoka."

Odile Vidal, fundi wa maabara yao, alikuwa amekalia tairi, kipaza sauti magotini. Ndiye aliyemfundisha kushika mche mwembamba kama kope bila kuuvunja. Sasa kazi yake na ya waosha vyombo vya maabara zilikuwa zinafutwa ili zipewe kampuni ya nje. Mgomo ulikuwa wao.

"Jana ulinyoosha mkono tugome, hukunyoosha?"

"Nilinyoosha. Tulisema siku moja."

"Leo asubuhi tumeongeza. Ungekuja mkutanoni ungejua."

"Nilipitiwa na usingizi."

"Msomi huyo," Guilhem akadakia.

"Mwanangu, kila mtu hapa ana kitu kinachokufa mle ndani," Odile alisema kwa upole uliomuuma Maguelone kuliko matusi. "Thibault wa maabara ya jirani ana nyanya zake za utafiti. Nikikupisha wewe, nitamzuia vipi yeye? Mtazame yule."

Ghorofani, naibu mkurugenzi alikuwa amesimama dirishani na kikombe cha kahawa, anawatazama.

"Anasubiri mmoja tu avunje mgomo," Odile alisema.

Maguelone alimtazama yule mtu wa dirishani, akamtazama Odile. Kisha akapanda juu ya matairi, akajipenyeza kati ya nguzo na lango. Hakuna aliyemgusa. Heri wangemvuta shati.

"Msaliti," Guilhem alisema nyuma yake, na safari hii hakuwa anatania.

Katika chumba cha hadubini, alifungua visahani vyake. Mche wa kwanza ulimkatikia kwenye kibano. Wa pili akautandaza juu ya kioo, akazima taa, akawasha leza. Ulikuwa mche wa kawaida, wa kulinganishia: protini, iliyotiwa rangi ya kung'aa, ilikuwa imeshavutwa ndani, vidoa vidoa katikati ya seli. Vizuri. Akaweka ule uliobadilishwa. Majani yake yalikuwa ya njano, ncha ya mzizi imeingia weusi. Akashusha pumzi, akasogeza lenzi.

Mstari mwangavu, upande wa nje wa kila seli. Hakuna kilichovutwa ndani. Mche ulikuwa unakufa mlango ukiwa wazi, kama alivyodhani.

Akapiga picha moja, akapiga ya pili, akahamia mche mwingine. Alikuwa bado anapiga aliposikia milango ikifunguliwa ukumbini. Sauti ya Thibault. Viatu vya watu wengi. Mtu aliwasha mashine ya kahawa.

Alipotoka, mnyororo ulikuwa unaning'inia. Guilhem alikuwa anazima moto, hakuinua uso. Odile alikuwa anakunja bango peke yake.

"Thibault aliniuliza mbona wewe umepita," Odile alisema. "Sikuwa na jibu. Wakaingia wote. Naibu ameshatuma ujumbe: mazungumzo yetu naye ya kesho yamefutwa."

Maguelone alishika upande wa pili wa bango, Odile akauvuta kutoka mkononi mwake.

"Umepata picha?"

"Nimepata."

"Basi sikiliza. Kesho asubuhi kuna mkutano. Utasimama mbele ya watu uombe radhi. Ukiomba, huenda nusu yao wakarudi hapa na mimi. Ni hilo tu."

"Nitakuja. Nitanyoosha mkono. Nitalala juu ya haya matairi wiki nzima, mkitaka."

"Sikukuuliza utalala wapi."

"Odile, ingekuwa ni kurudia, ningeingia tena. Unataka nisimame niwadanganye watu?"

"Nina miaka mingapi mle ndani, Maguelone? Unajua wewe. Sema samahani, hata kama ni kwangu tu, hapa hapa."

Maguelone alimtazama usoni, hakukwepesha macho.

"Hata kwako," alisema. "Siombi radhi."