Pingamizi Dhidi ya Msingi Mzuri

Programu yetu ya kuendeshea maktaba ni programu huria, maana yake ni kwamba yeyote anaweza kuichukua, kuitumia, kuirekebisha na kuilalamikia bila kulipa chochote. Haki ya mwisho ndiyo inayotumiwa kikamilifu. Sisi tunaoitunza ni watu wachache wenye kazi nyingine, na hukutana Jumamosi alasiri katika chumba cha juu cha maktaba ya manispaa, chenye meza ndefu, viti visivyolingana kimo na feni inayozunguka kwa kusitasita kama mtu anayefikiria kujiuzulu.

Mwaka huo tulikuwa na jambo moja tu la kuamua. Kurasa za msimamizi, yaani zile ambamo mkutubi huandikisha wanachama, hufuta waliohama na kusahihisha makosa ya wenzake, zilikuwa zimejengwa juu ya msingi uliotelekezwa na wenyewe. Matundu ya usalama yalipogunduliwa, hakuna aliyejitokeza kuyaziba. Ilibidi kurasa zote zijengwe upya, na kabla ya kujenga ilibidi tuchague msingi mwingine: msimbo uliokwisha kuandikwa na watu wengine, ambao juu yake mtu hupanga vitufe, majedwali na fomu zake bila kuanza na kiwanja kitupu. Mwenyekiti wetu alisema ni jambo dogo. Lilitula msimu mzima wa mvua na kipande kizuri cha kiangazi.

Mwenyekiti ni mwalimu wa hisabati, nasi humwita Mwalimu. Kanuni za mradi aliziandika akiwa likizoni, na zina harufu ya mtu aliyekuwa na muda mwingi mno. Hatupigi kura. Pendekezo huwekwa kwenye jukwaa letu la mjadala, ambalo liko wazi kwa dunia nzima na humo hakifutwi kitu. Wiki ikiisha bila mpingaji, pendekezo limepita. Mpingaji mmoja anatosha kuliangusha, mradi aandike sababu na akubali kuubeba mbadala kwa mikono yake mwenyewe. Aidha, anayepinga kwa niaba ya mtumiaji sharti amtaje mtumiaji huyo kwa jina, pamoja na maktaba yake. Kifungu hiki kilizaliwa baada ya mjumbe mmoja kuzuia mabadiliko ya kalenda kwa miezi kadhaa akimtetea mkutubi ambaye, ilipochunguzwa, ilibainika kwamba hakuwahi kuzaliwa.

Msingi uliokuwa ukipendelewa uliletwa na mbunifu wa tovuti za matangazo tuliyempa jina la Toleo Jipya, kwa kuwa hakuna chombo alichowahi kukitumia hadi kikazeeka. Jumamosi moja aliurusha ukutani kwa projekta, ukiwa umejengewa ukurasa wa majaribio wa kuandikisha na kufuta mwanachama. Vitufe vilikuwa na vivuli. Jedwali liliteleza. Menyu ilifunguka polepole kama pazia la jukwaani.

"Hiyo menyu imechelewa," nilisema.

"Haijachelewa, dada. Inaingia kwa madaha."

"Mkutubi ana foleni mbele yake. Madaha atampelekea nani?"

"Wewe ukiingizwa peponi utauliza feni iko wapi."

Watu walicheka. Mwalimu akamgeukia mjomba wangu. Mjomba, kaka yake mama, ndiye mkutubi msimamizi wa maktaba hiyohiyo, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kuikubali programu yetu wakati wakutubi wengine wakiikimbia. Kwa hiyo ana kiti cha kudumu kwenye vikao, na pia ana tabia ya kutukumbusha kwa nini anacho.

"Mzee wetu," Mwalimu alimwambia, "wewe ndiwe utakayeshinda nazo kutwa. Unaonaje?"

Mjomba aliinua kidevu, akauelekeza uso ukutani kwa utulivu wa jaji. "Naona kazi ya watu waliosoma," alisema. "Rangi zimetulia."

Rangi zilikuwa chungwa na zambarau. Nilidhani ni kejeli, maana mjomba ana ulimi. Toleo Jipya hakudhani hivyo. Siku ya Jumatatu pendekezo lilikuwa jukwaani, likiwa na maneno ya mjomba katika sentensi ya kwanza.

Keshoyake nilipanda ofisini kwa mjomba kutazama printa iliyokuwa ikimeza karatasi. Nilimkuta ameketi mbele ya skrini iliyozimwa, anachapa.

"Mjomba, kompyuta imezimika."

"Haijazimika. Nabana matumizi ya umeme."

"Na unachapa nini?"

"Naandikisha mwanachama."

"Gizani?"

"Wewe ni mpwa wangu au ni askari?"

Katika sikio lake la kushoto palikuwa na kipokea sauti kidogo cha kusikilizia. Aliniambia anafuatilia taarifa ya habari. Niliinama kuelekea kwenye printa, ambayo ilikuwa karibu na sikio hilo, na nikaisikia hiyo taarifa. Ilisomwa na sauti kavu ya mashine, kwa kasi ya mnadani: jina la mwanachama, sehemu ya kuandika, simu, sehemu ya kuandika, hifadhi, kitufe.

Nilifunga mlango. Alieleza kwa hasira, kana kwamba ni mimi niliyemfanyia. Ilikuwa presha ya macho. Jicho la kulia lilikwisha kwenda; la kushoto lilibakiwa na mwanga wa kumtosha kujua mlango uko upande gani. Alikuwa akitumia programu inayosoma kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye skrini, na kurasa zetu kuukuu zilisomeka bila shida kwa sababu zilijengwa na watu ambao hawakuwa na wasaa wa kuziremba. Aliyejua alikuwa mkewe tu.

"Na mkurugenzi?"

"Mkurugenzi anatafuta sababu tu. Yule mwenzetu wa magazeti alipoanza kutetemeka mikono, walimpeleka akakae mlangoni. Mtu na shahada zake mbili anapokea mikoba na miavuli. Mimi sipokei mwavuli wa mtu."

"Mjomba, ule msingi uliousifu, umeujaribu?"

"Nitaujaribu ukishawekwa."

Niliujaribu kwa niaba yake, alasiri ileile, nikiwa nimefumba macho. Vitufe vya Toleo Jipya havikuwa vitufe. Vilikuwa visanduku vilivyochorwa vikafanana na vitufe, na jicho hukubali kudanganywa hivyo, ila sauti haikubali. Ilisema: kundi. Kundi. Kundi. Picha. Kisha ikanyamaza, nami nikabaki katikati ya ukurasa nisioweza kuingia wala kutoka.

Nilimpigia Toleo Jipya.

"Hilo linajulikana," alisema. "Litarekebishwa toleo lijalo."

"Lijalo lini?"

"Wenyewe wanajadili."

"Na asiyeona afanye nini wakati wanajadili?"

"Dada, tuwe wakweli. Msimamizi asiyeona yuko wapi? Nitajie mmoja tu, na maktaba yake. Kanuni si yangu, ni ya Mwalimu."

Nilimpigia Mwalimu. Alinisomea kifungu chote, pamoja na nukta zake, akanieleza kwamba binafsi anawahurumia sana wasioona kwa jumla, lakini kwa jumla si jina. Nilimuuliza kama jina linaweza kuwekwa mahali pa faragha. Alishtuka kana kwamba nimependekeza tuibe. Mradi huria, alisema, hauna faragha, na hapo ndipo heshima yake ilipo.

Ijumaa nilikwenda nyumbani kwa mjomba. Nilimkuta sebuleni amevaa miwani, ambayo haikuwa ikimsaidia kitu zaidi ya kumpa sura ya mtu aliyesumbuliwa akisoma. Mkaza mjomba alikuwa akikunja nguo kwenye kochi.

"Niruhusu nilitaje jina lako," nilisema.

"Ukiliandika pale, usije kwenye mazishi yangu."

"Na nisipoliandika? Jumatatu pendekezo linapita. Wakizifunga kurasa kuukuu, hutamwandikisha hata mtu mmoja. Mlangoni utakwenda vilevile."

"Utatafuta njia. Si umesomeshwa?"

"Njia ulikuwa nayo wewe! Ulipoulizwa, ungekataa. Badala yake ukasifu rangi!"

"Ulitaka niseme nini mbele ya kadamnasi? Kwamba sizioni?"

"Ungesema huzipendi."

"Ningesemaje sizipendi," mjomba alijibu, akiwa amekasirika kwa dhati, "ilhali sijaziona?"

Mkaza mjomba aliliweka shati chini. "Nimeolewa na jiwe, mwanangu," alisema. "Tena jiwe lenye shahada."

"Jiwe halisemwi likiwepo," mjomba alisema.

"Basi jiwe na liondoke, tuseme vizuri."

Hakuondoka. Alitaka kujua kama mimi, katika miaka yote niliyokaa na watu hao, sikuwa na sababu yangu mwenyewe ya kupinga jambo lolote. Nilimwambia kwamba sababu za mtu binafsi hazikatazwi na kanuni, ila mwenye nazo huonekana mpumbavu. Alifikiri. Akasema hilo linavumilika. Hakufafanua linavumiliwa na nani.

Jumapili, muda ukikaribia kuisha, niliandika jukwaani: "Ninapinga. Msingi huu unanichosha. Nitazijenga kurasa zote mwenyewe kwa fomu za kawaida, na vitufe vyake vitakuwa vitufe." Nilisoma nilichoandika. Hakukuwa na neno la uongo ndani yake, na hakukuwa na hata moja lililonifaa.

Majibu yalifika kabla chai haijapoa. Toleo Jipya aliuliza kama mradi unaotumika katika nchi kadhaa unaweza kusimamishwa kwa sababu dada mmoja amechoka, na akashauri nikalale. Watu nisiowajua, kutoka maktaba nisizowahi kuzisikia, waliniita kikwazo cha maendeleo. Mwalimu aliipitia kanuni akathibitisha kwa huzuni kwamba inadai sababu, haidai sababu nzuri, na kwamba pingamizi limesimama. Kuanzia siku hiyo jina langu kikaoni likawa Mchovu.

Hayo niliyatarajia. Nisilolitarajia ni ujumbe wa Jumatatu asubuhi, mrefu, wenye aya zilizopangwa vizuri, uliotiwa saini na mkutubi msimamizi wa maktaba ya manispaa. Mjomba alisikitika kwamba damu yake mwenyewe imezuia kazi ya kisasa. Aliandika, "Kama mtu ninayeujua uzuri nikiuona, siwezi kuficha masikitiko yangu." Niliisoma sentensi hiyo nikiwa kazini, mbele ya mteja aliyekuwa akinieleza tatizo lake, na ilinibidi nimwombe aanze upya. Hapakuwa na kosa hata moja la tahajia. Mashine ilikuwa imemsomea vizuri.

Nilimpigia simu.

"Ilikuwa lazima?"

"Wangeshangaa nikinyamaza," alisema. "Mimi si mtu wa kunyamaza."

"Umeniita kizuizi."

"Nilikuita kizuizi cha muda. Soma vizuri."

Nilijenga kurasa zile peke yangu, jioni na mwisho wa wiki, kwa miezi ambayo sikuihesabu kwa sababu kuihesabu kungeniudhi zaidi. Mjumbe mmoja aliwahi kujitolea kunisaidia. Alitaka kuongeza vivuli. Nilimshukuru. Kila ukurasa ulipokamilika nilifumba macho, nikausikiliza kutoka juu hadi chini, na uliponyamaza mahali nilirudi nikaubomoa. Mjomba hakuuliza kazi imefika wapi. Mkaza mjomba ndiye aliyekuwa akipiga simu, akisema anasalimia tu, kisha akiuliza kama zile kurasa kuukuu zitafungwa kabla mpya hazijawa tayari. Nilimwambia hapana kila mara, na kila mara alishusha pumzi kwa namna iliyonifanya nikae tena mezani.

Siku kurasa mpya zilipowekwa, nilikwenda ofisini kwa mjomba nikafunga mlango. Alipapasa kibodi, akatega sikio, akapita fomu ya kwanza, ya pili, jedwali la wanachama. Uso wake haukuonyesha chochote.

"Mbaya," alisema hatimaye.

"Umeijuaje sura yake?"

"Watu wanasema."

Hapo mlango ukafunguliwa bila hodi. Alikuwa mkurugenzi, na mgeni nyuma yake. Mkono wa mjomba ulikuwa umekwisha kuiwasha skrini kabla kitasa hakijarudi mahali pake. Mkurugenzi alitaka kumwonyesha mgeni mfumo mpya. Akalitaja jina la mwanachama mmoja, jina refu, na akaanza kulirudia herufi kwa herufi. Hakufika katikati.

"Huyo hapa," mjomba alisema, uso ukiwa umemwelekea mkurugenzi, si skrini. "Ana vitabu viwili, na kimoja kimechelewa. Nimwongezee muda au nimfungie?"

Mkurugenzi alisema amwongezee. Mjomba akamwongezea. Mgeni alisifu wepesi. Mkurugenzi aliitazama skrini kwa mashaka, akasema kurasa zenyewe zinafanana na fomu za kituo cha polisi.

"Ni za mpwa wangu," mjomba alisema. "Nilimpinga hadharani. Maandishi yapo."

Wakaenda zao. Mjomba aliizima skrini, akaiweka miwani mezani na kujipangusa uso kwa leso. Leso ilipita mara kadhaa kabla hajairudisha mfukoni. Vidole vyake vilitafuta kibodi, vikatulia juu yake.

"Kitufe cha kufuta mwanachama kinasomwa mara tu baada ya hifadhi," alisema kwa sauti ya chini, akiwa ameuelekeza uso dirishani. "Asubuhi, wewe hujaja, nusura nimfute mtu. Weka kitu katikati. Swali, chochote. Na sauti iseme jina la anayefutwa."

Kila badiliko, hata la kitufe kimoja, lazima liandikwe jukwaani na mwenye nalo. Jioni hiyo niliandika kwa jina langu kwamba mimi, msanifu na mjenzi wa kurasa zile, nimekaribia kufuta mwanachama kwa kutoona kitufe nilichokiweka mwenyewe, na kwamba naomba niruhusiwe kukirekebisha. Toleo Jipya aliweka alama ya kicheko. Mwalimu, ambaye ni mtu mwema, alisubiri mjadala utulie, kisha akanishauri, kwa lugha ya upole na mbele ya dunia nzima, nikapime macho. Alinitajia na daktari. Niliandika kwamba nashukuru, nitakwenda.