Kitambaa cha Meza cha Paluku

Tangu nipate pensheni, mimi Léonard, fundi wa zamani wa breki za treni, nauzunguka mji wa Lubumbashi kwa mdomo. Kila Alhamisi naingia malewa moja, zile nyumba ndogo za chakula ambamo mzee anashiba bila kuuza redio yake. Kwa Wakasai nilikula pilipili moja, nikaongea Tshiluba siku tatu bila kufundishwa. Kwa Mchina walinipa tambi ndefu: nilianza kuivuta mezani kwake, ncha nikaimezea nyumbani, Makomeno. Anayebisha aje nimwonyeshe njia niliyopita.

Lakini Alhamisi ninayoiandika hapa sikutoka kwa njaa tu. Exaucée, binti wa dada yangu Mwansa, alinijia macho mekundu. Kijana aliyetaka kumuoa, Paluku, Mnande wa Butembo, alikuwa na malewa yake mtaa wa Hewa Bora. Wajomba zake wangefika Jumamosi kujitambulisha, na Mwansa alikuwa ameapa hatawafungulia mlango. Hata sura ya kijana hakutaka kuiona.

"Yomba, muongeleshe mama," Exaucée akaniomba. "Anasema Butembo ni mbali, nikigonjwa kule atanifikia na nini? Weye njo anakusikilizaka."

Si kweli. Mwansa hanisikilizi tangu utoto wetu. Analolisikiliza ni tumbo lake.

Nikamwendea dada yangu na habari ya malewa mpya, ambako kuku anapikwa vizuri mpaka akiwa ndani ya sahani anawika.

"Yaya, uongo yako haizeekake?" akacheka, maana kwake mimi ni yaya, kaka mkubwa. "Na anawikaka luga gani?"

"Twende ukasikie."

Jina la mwenye malewa nililimeza. Mpango wangu: ale kwanza, asifu, ndipo nimwambie amemsifu nani.

Paluku hakutujua, maana nami nilikuwa sijakanyaga kwake. Alituletea kuku mwenye mchuzi mzito, bukari, ugali wetu wa muhogo, na sombe ya majani yake, kisha akavuta kiti akaketi nasi.

"Hapa mpishi anaonja wa kwanza, Mama," akasema. "Kama ni kufa, nife mimi."

Mwansa akacheka, akamega. Akanyamaza, na dada yangu akinyamaza ujue chakula ni kizuri. Walikula sahani moja, wakigombania mfupa wa shingo kama watu waliozaliwa nyumba moja.

"Baba, weye unaitwa nani?" Mwansa akauliza, akiramba kidole. "Niko na binti, sombe yake ni maji tupu. Nitamutuma kwako ajifunze."

"Naitwa Paluku, Mama."

Tonge likaanguka.

"Léonard!" Akikasirika mimi si yaya tena.

Akajifunika kichwa kwa kitenge, akageuza kiti, uso ukutani. Hapo ndipo nami nikakumbuka buko, yaani mkwe na haya yake. Kwetu mama mkwe na mume wa binti yake hawali pamoja wala hawatazamani machoni, mpaka siku familia inapoiondoa ile haya kwa sherehe. Mkwe akikosea, analipa kuku na kitenge. Mzee mzima mimi, kwa kuwaza firigisi, nilikuwa nimesahau jambo ambalo kila mtoto wa kwetu analijua.

"Nimekula mbele ya buko!" Mwansa aliuambia ukuta. "Ameniona mpaka meno! Kuku na kitenge, atalipa!"

Paluku alisimama, mchuzi ukimtiririka mkononi. "Papa, nimekosa nini?"

Niliiona Jumamosi ikiungua. Mdomo wangu, uliozoea kazi nyingine, ukalazimika kusema kweli.

"Mwansa, muntu ya njia hatumulipishake kuku ya buko. Bantu yote hapa banakuona unakula, umelipisha nani? Kama huyu atalipa, njo buko yako. Kama si buko yako, geuza kiti, umalize nyama."

Meza za jirani ziliacha kutafuna.

"Muulize," Mwansa akasema pole pole, "mutoto wangu atamupeleka kule kwabo?"

Paluku, aliyekuwa hatua moja tu nyuma yake, akafungua mdomo. Nikamzuia: maneno ya buko yanapitia kwa mtu wa katikati. Nikamuuliza upya.

"Hapana, Papa. Jiko langu liko hapa, na kiwanja nimekipata hapa hapa Hewa Bora. Mama atafika kwa miguu."

"Anasema hapana," nikapeleka. "Amejenga hapa karibu nyumba ya gorofa mbili, na..."

"Sema vile amesema! Siyo vile weye unajenga!"

Nikabomoa gorofa zangu, nikarudia neno kwa neno. Mabega ya Mwansa yakashuka.

"Mwambie, Jumamosi alete jogoo muzima. Asiniletee ya frigo." Akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka. "Na sahani yangu, iko wapi?"

Paluku hakungoja tafsiri. Alikung'uta kitambaa cha meza, akakitundika kwenye waya wa taa, Mwansa upande huu, yeye upande ule. Mimi nilikaa katikati, nikipitisha nyama na maneno. Paluku alimtumia mama mkwe firigisi kwa heshima. Mwansa akairudisha: hiyo ni ya mwanaume. Paluku akaituma tena.

Safari ya tatu haikufika upande wowote.