Kipimo cha Fundi

Pini zilikuwa zimetapakaa kwenye ngazi, na chini kabisa ameketi fundi mwenyewe, gauni limemzonga magotini, kandambili moja mguuni na nyingine imebaki juu huko. Hakuvunjika kitu. Kilichomuuma kuliko nyonga ni kwamba binti yake alikuwa mlangoni, na ameona yote.

"Kuteleza si kuanguka," alisema fundi, akijikung'uta.

"Hukuteleza, mama. Umeanguka. Na si mara ya kwanza."

Fundi alikuwa akishona katika chumba cha juu tangu binti huyu akibebwa mgongoni. Huko kulikuwa na dirisha pana, cherehani na meza ya kukatia. Chini palikuwa pa kulala na kupikia tu. Sasa binti alikuwa na neno, akalitoa huku akimchua nyonga: chumba cha juu kifungwe, cherehani iuzwe, mama ahamie kwake akapumzike. Kizunguzungu cha uzee hakichezewi.

"Sina kizunguzungu mimi."

"Sasa kinachokuangusha ni nini?"

Swali hilo lilimtia fundi hofu. Alimpenda mwanawe, lakini kukalishwa kwenye kochi la watu kutwa nzima, mikono mitupu, kwake kulikuwa ni kuzikwa angali hai.

Binti aliinama kuokota pini. Alipofika miguuni pa mama yake alishika pindo la gauni, akaligeuza. Lilikuwa limefumuka kwa mbele, na juu ya kitambaa kulikuwa na alama ya vumbi ya unyayo wa kandambili.

"Mama, umejikanyaga."

"Haiwezekani. Gauni hili nimelikata kwa vipimo vyangu."

"Vya lini?"

Fundi alilivuta pindo kutoka mkononi mwa binti. Vipimo hivyo alikuwa navyo kichwani tangu enzi za ubibi harusi wake. Wateja aliwapima upya kila walipokuja, akawafukuza waliosahau viatu watakavyovalia nguo, kwani urefu wa gauni, alisema, huanzia kwenye kisigino. Yeye mwenyewe hakuna aliyewahi kumpima.

"Kinyozi hajinyoi," binti alisema, akacheka. "Simama wima."

Futi ilishuka kutoka begani hadi kwenye kifundo cha mguu. Binti alisoma. Fundi akadai futi imevutika kwa uzee; ikaletwa mpya, nayo ikasema yale yale. Alikuwa amepungua upana wa vidole vitatu.

"Nimefupika," alisema polepole. "Nilikuwa namzidi baba yako kimo. Alinitania mpaka anakufa."

"Naye angekuwa amefupika, mama. Bado ungemzidi."

Fundi alicheka huku machozi yakimtoka. Kisha akaomba mkasi. Alikata pindo bila huruma, akalikunja, akalishona kwa mkono papo hapo. Kandambili, ambazo nyayo zake zilikuwa zimelika zikawa laini kama kijiko, alizitupa pipani. Chini ya kitanda akavuta viatu alivyoletewa na binti yake mwaka uliopita, bapa, vya kufunga kwa ukanda, soli za mpira wenye mifereji ya kuzuia utelezi. Siku ile aliviita viatu vya wagonjwa. Leo alivifunga mwenyewe.

"Na chumba cha juu?" aliuliza.

"Panda kwanza nikuone."

Alipanda, mkono mmoja ukutani, akiitazama miguu yake, miguu ambayo kwa muda mrefu ilikuwa imefichwa na nguo. Hakuna kilichomvuta. Akafika juu, akageuka, akashuka. Binti akaanza kuongea habari za taa ya ngazini na mbao za kushikilia.

Fundi hakumsikiliza. Alikuwa amekwisha kugeuka, anapanda tena.

"Umesahau nini huko?"

"Sijasahau kitu," alijibu, na hakusimama.