Picha ya Mia Nne na Kumi na Mbili

Jumanne, saa nne asubuhi, theluji ikiwa imefika madirishani, Raili Koskela alikuwa akihamisha picha za eksirei za wachimba nikeli kutoka kompyuta kuukuu ya zahanati kwenda kwenye diski mpya. Zilikuwa mia tisa. Wenye vifua hivyo walikwisha kufa, na kompyuta nayo ilikuwa njiani. Programu ya kuzihamisha aliiandika mwenyewe, kwa majira mawili ya baridi.

Meneja, Bwana Prentice, aliingia kutafuta hita, akajikwaa kwenye waya. Diski ikachomoka, ikaanguka zuliani.

"Nimeharibu?"

"Bado. Ila usiguse kitu, bosi. Hata hiyo hita."

Programu haikuzimika. Iliandika mahali ilipokomea, nusu ya picha ya mia nne na kumi na mbili, ikasubiri.

Wale marehemu ambao picha zao zilikuwa hazijahamishwa wakaanza kuingia mapokezi, wakikung'uta theluji viatuni. Walikaa kwa namba zao. Viti vilipokwisha, foleni ikatoka hadi maegesho ya magari, na Odette wa mapokezi akateleka kahawa nyingine.

Wa kwanza alikuwa Toivo Koskela, baba yake Raili. Alikuwa na ubavu wa kushoto tu, ameegemea mlango.

"Mwanangu, mguu mmoja huu umechoka."

"Vumilia, baba. Nikiichomeka kwa pupa utabaki hivyo hivyo."

"Mama yako angekuwa ameshaichomeka."

"Ndiyo maana hatumpi kompyuta."

Toivo akacheka kwa nusu ya mdomo.

Raili aliichomeka diski ili isomwe tu, isiandikwe kitu. Akakagua picha mia nne na kumi na moja, moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa nzima. Akaifuta ile nusu, ndipo akaamuru kazi ianze tena hapo. Ubavu wa kulia wa Toivo ukamjia polepole, kama mtu anayevaa koti. Wengine wakafuata, wakipita kando ya diski na kutokea mlango wa nyuma. Saa nane mchana akapita wa mia tisa. Hakupotea hata mmoja.

Toivo alikuwa amebaki kuitazama picha yake. Vumbi la mgodi lilijaa mapafu yote mawili, jeupe kama unga. Chini yake daktari wa kampuni ya mgodi alikuwa ameandika: *Sigara.*

"Sijavuta hata moja," alisema. "Hilo neno halikupotea diski ilipochomoka?"

"Programu yangu haipotezi kitu, baba."

"Naona." Alimshika bega kwa mkono wake mpya. "Hakuna fundi wa mjini ambaye angeifanya kazi hivi. Nimewaambia wote kwenye foleni kwamba ni binti yangu."

Ijumaa mama yake Raili alipata barua kutoka kampuni. Picha ya marehemu mumewe, ilisema, imehifadhiwa kikamilifu, pamoja na maelezo ya daktari. Kwa hiyo hakuna la kubadilisha katika dai lake la fidia.