Mkeka wa Tupokigwe

Tupokigwe alitwambia kesho yake asubuhi angekwenda kujitoa kwenye kinyang'anyiro cha udiwani. Alikuwa amekaa kwenye kibaraza chetu hapa Bagamoyo yetu ya milimani, si ile ya pwani, ambapo kaka yangu Nurdin hushona nguo. Kwa wiki nzima watu walikuwa wamemtukana kwenye kundi la wasapu la kata: malaya, mchawi, amemla mumewe.

"Dada Tupo, usiwape ushindi," nilimwambia. Nilikuwa nimemaliza chuo karibuni, na niliamini maneno mazuri yanatosha.

"Siham, mwanangu ameyasoma. Yale ya baba yake." Akaondoka, mvua ikimnyeshea.

Nurdin huchora katuni za kuwatania wanasiasa. Jioni ile hakutania. Alimchora Tupokigwe kwenye mkeka mpana, amejitanda kitenge kama mfiwa. Mikono ilitoka ndani ya simu na kumrushia tope. Sehemu yote ya mkeka iliyobaki ilikuwa tupu.

"Mfiwa gani anaachwa peke yake mkekani?" nikauliza.

"Ndiyo hapo. Tuma, mama maswali."

Nikaituma kwenye kundi lilelile. Wakacheka. "Fundi, suruali yangu iko wapi?" mmoja akaandika. Wengine wakaisambaza.

Asubuhi nilikwenda na Nurdin kumsindikiza Tupokigwe ofisini kujitoa. Nilipofika kwenye kona ya kwake nikasimama. Wanawake walikuwa wanapanda kilima ndani ya ukungu, mstari usioisha: wa kijiji cha Masoko na mikungu ya ndizi kichwani, mama zetu wa msikitini na mabeseni ya mchele. Walivua viatu mlangoni, wakaketi bega kwa bega kwenye mkeka uliotandikwa nje, hadi ukajaa wakahamia kwenye majani.

Bibi mmoja aliinama kwa jirani yake, akamsalimu kwa kilugha. "Ndaga, mwanangu. Marehemu ni nani?"

"Hakuna marehemu, bibi. Huyu ametukanwa kwenye simu."

Bibi akafikiri. "Kumbe nimekuja palepale pa msiba." Akanyoosha miguu.

Hata Agness, anayegombea naye kiti kile, alikuja na mzigo wa kuni. Nilimtazama Nurdin. Penseli yake ilikuwa imewafikia wote hawa.

Tupokigwe akatokea mlangoni na viatu vya kuendea ofisini. Akawatazama mmoja mmoja, mpaka wa mwisho kule kwenye migomba. Kisha akavua viatu, akavipanga kando ya vyao.

"Leo siendi kujitoa popote," alisema. "Kisu kiko wapi? Hizi ndizi zinajimenya zenyewe?"