Waya Wenye Alama ya Radi

Video zote za marehemu mke wa mpiga video zilikuwa ndani ya kompyuta ya shemeji yake, na kompyuta hiyo ilikuwa imeshauzwa. Mnunuzi angeifuata saa sita mchana. Kabla haijatoka mlangoni ingefutwa, ibaki tupu kama ilivyotoka kiwandani.

Mpiga video aliingia studio saa tatu asubuhi na diski mpya mkononi, ya bei mbaya, yenye kasi kuliko zote dukani.

"Shemeji, hii ni moto wa kuotea mbali. Robo saa nimemaliza."

"Diski nzuri," shemeji alisema.

"Waya nimesahau. Una wowote?"

Shemeji alifungua droo, akampa mweupe.

Miaka yote waliyofanya kazi pamoja, shemeji alikuwa akimweleza: nyaya hizi zina mdomo mmoja lakini kasi mbalimbali. Wenye alama ya radi unapitisha kwa dakika moja mzigo ambao ule wa kuchajia simu utatambaa nao zaidi ya saa nzima, na diski ikimbie vipi, itausubiri waya. Mpiga video alikuwa akimkatiza mbele ya wateja: "Profesa wa nyaya! Waya ni waya, bwana. Ukiingia, umeingia." Watu wanavunjika mbavu. Mke naye anacheka, halafu anamfinya mumewe amwache kaka yake.

Waya mweupe uliingia. Akaanza na harusi za wateja.

Robo saa ikapita. Kioo kikasema zimebaki saa kumi na tatu.

"Shemeji, mashine inaumwa?"

"Nzima."

"Na tundu hili?"

"Halina neno."

Akahamia tundu la pili, kisha la tatu. Akazima, akawasha. Shati likamganda mgongoni. Alishuku kila kitu isipokuwa waya.

"Mbona hujaanza na za dada yangu?" shemeji aliuliza. Mkono wake ulikuwa juu ya droo.

"Zake chache, zitapita mara moja. Wateja wananipigia simu kila dakika, wataniua."

Shemeji aliutoa mkono kwenye droo.

"Alipokuwa wodini pia ulikuwa harusini," alisema, akaenda kuchemsha maji ya chai.

Mpiga video aliendelea na harusi, macho kwenye kioo, akijipa moyo kwamba kasi itapanda tu. Mnunuzi alipobisha hodi ndipo alipokatisha kila kitu na kuvuta folda ya mkewe.

"Shemeji, nipe nusu saa. Nakuomba. Kwa ajili ya dada yako."

"Nimekupa asubuhi nzima."

"Basi dakika kumi!"

Shemeji akachomoa diski, akaifuta kompyuta palepale, mnunuzi akiangalia. Mlangoni alimtia mpiga video waya mweusi kwenye mfuko wa shati. Kichwani ulikuwa na alama ya radi.

"Ulikuwa drooni. Chukua. Si waya ni waya?"

Nyumbani mpiga video alifungua diski. Harusi kumi na tisa za watu wengine, nzima. Ya mkewe, kipande kimoja cha sekunde tisa: kiganja kinafuta lenzi, sauti inauliza, "Imewaka?" Uso haumo.